Mkono Kati ya Feni na Rejeta

Baba yangu, Mzee Matar, alifungua gereji yake Buguruni kabla mimi sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kuchomoa distributa mbele yake bila kuweka alama. Distributa ndiyo inayogawa moto kwenye plagi, kila moja kwa zamu yake. Ukiichomoa bila kuchora mstari wa chaki kuonyesha ilikuwa imekaaje, kuirudisha ni kubahatisha tu. Vijana waliosahau mstari huo walirudishwa makwao siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe, bintiye, nilishawahi kula kofi kwa kuusahau.

Kwa hiyo Alhamisi ile, nilipotoka sokoni nikamkuta uani kwetu Kibamba ameshika distributa ya Corolla yake ya zamani, nikaitazama injini na sikuona mstari popote, niliweka kapu chini pale pale. Nikamuuliza kwa nini ameichomoa. Akasema anaisafisha. Gari halikuwa na tatizo lolote. Jioni akairudisha, akawasha, moto ukarudi juu kupitia kabureta kwa mshindo uliowatoa majirani nje, na alipoinama kutazama, nyusi zake zikaungua nusu.

Kaka yangu Walid, mwenye duka Mabibo, alipopata habari akanipigia simu hapo hapo.

"Widad, mzee hayuko sawa, na wewe unajua. Jumapili nakuja kumchukua akakae kwangu. Hilo gari tunaliuza."

"Kwako ghorofani atafanya nini? Atalinda ngazi?"

"Atakuwa salama."

"Amekosea tu. Hata wewe ungekosea."

"Mie sio fundi, Widad. Fundi ni yeye."

Nikamkatia simu. Mtu akinishinda kwa hoja mimi namkatia simu, ndiyo tabia yangu na Walid ameizoea. Lakini nilibaki nimekaa kitandani. Baba alikuwa ameanza kuniuliza swali lile lile kabla chai haijapoa. Alikuwa analala na funguo za gari chini ya mto. Yote hayo nilimficha Walid, na Baba mwenyewe nilimficha kwamba nimeyaona. Nikajipa moyo kwamba gari likiwaka Jumamosi, Walid hatakuwa na la kusema, na Baba atabaki nyumbani kwake.

Jumamosi asubuhi nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Leo tuichomoe tena ile distributa, tuirudishe sawasawa. Mie nitashika spana, wewe uniongoze."

Akafurahi mpaka akaacha andazi lake sahanini. Magoti hayamruhusu kusimama sana, kwa hiyo akaingia ndani ya gari, akakaa kwenye usukani kama alivyokuwa akikaa gereji wenzake wakiwa kwenye injini. Kisha akazichomeka funguo kwenye swichi. Hapo ndipo woga uliponishika sawasawa.

Kazi yenyewe iko hivi. Pistoni ya kwanza hupanda juu kwa namna mbili: safari moja inabana hewa, safari nyingine inatoa moshi. Kwa macho zote ni sawa. Alhamisi Baba aliichukua ile ya moshi, ndiyo maana moto ulirudi juu. Kuijua ile ya hewa, unachomoa plagi ya kwanza, unaziba tundu lake kwa kidole gumba, unazungusha injini kwa spana taratibu mpaka hewa isukume kidole. Spana inakaa kwenye nati ya puli, gurudumu la mkanda wa feni, chini kabisa, na mkono hauifikii bila kupita kati ya feni na rejeta. Mtu akigeuza funguo wakati huo, stata inazungusha kila kitu, na mkono wako haubaki mkono.

Ningeweza kumwomba funguo. Ningeweza kufungua waya wa betri, si kazi ya kutoa jasho. Lakini boneti ikiwa wazi kuna upenyo chini yake, na kupitia upenyo ule Baba alikuwa ananitazama. Angeelewa. Angejua kuwa binti yake hamwamini kukaa karibu na funguo, yeye aliyewafundisha mafundi nusu ya Buguruni, na mimi sikuwa na uso wa kumfanyia hivyo. Niite mjinga ukitaka. Nilichagua kuuweka mkono.

"Baba, usiguse funguo mpaka niseme."

"Unaniambia mie?"

"Nakwambia wewe."

"Haya, fundi."

Nikapitisha mkono. Mapanga ya feni yalinigusa juu ya kiwiko, baridi. Nikaanza kuzungusha, kidole kwenye tundu, na hakuna kilichokuja.

"Widad."

"Abee."

"Tunafanya nini?"

"Tunatafuta hewa ya pistoni ya kwanza, Baba. Usiguse funguo."

"Aa. Sawa."

Nikazungusha tena. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy moyoni, nikaikosea katikati, nikaanza upya.

"Widad, mama yako amesharudi?"

Mama tulimzika mwaka juzi. "Bado, Baba," nikasema. Nilitaka kuutoa mkono. Nilitaka kumwachia Walid kila kitu, Baba, gari na nyumba, nikalale. Lakini hewa ilikuwa imeanza kukisukuma kidole, kidogo kidogo kisha kwa nguvu, na nilijua nikiacha pale nitalazimika kuanza mwanzo. Ujasiri wa kuanza mwanzo sikuwa nao.

Spana ikateleza. Ikagonga bodi, nikaidaka, ikaniponyoka, ikagonga tena.

Gereji kwa Baba, aliyeko kwenye injini akigonga bodi mara mbili, aliyeko kwenye usukani anapiga stata. Hakuna kuulizana. Nilikumbuka hilo wakati tayari nimeuona mkono wake kwenye upenyo, ukigeuza funguo mpaka mwisho.

Nikafumba macho.

Hakikutokea kitu. Stata haikulia hata kidogo. Nikauchomoa mkono kwa pupa mpaka ngozi ikachubuka, nikaanguka mchangani kwa makalio, nikavitazama vidole vyangu kimoja kimoja.

Baba akashuka akijishikilia kwenye mlango. Akaja kusimama mbele yangu, uso umemnywea.

"Nimegeuza?"

"Umegeuza."

"Nilijua nitageuza."

Akanionyesha betri kwa kidevu. Waya ulionekana umekaa mahali pake kama kawaida. Nikainuka, nikaunyanyua. Chini yake kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa vizuri na kuvalishwa kichwa cha betri ili umeme usipite.

"Nimeuweka alfajiri," akasema. "Alfajiri nakuwaga mzima. Jua likipanda, sijui tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniomba funguo?"

Nikalia pale pale, nimeegemea bodi, na yeye akanipangusa grisi shavuni kwa kiganja, akaizidisha. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja, na yeye alikuwa ameanza kukiogopa kabla yangu.

Kisha akazitoa funguo akanipa, tukaendelea na kazi. Nikaitafuta hewa tena, nikaisimamisha pistoni juu. Nilipotaka kuishusha distributa akanizuia.

"Meno yake yamekatwa mshazari, ikishuka inajizungusha. Irudishe jino moja nyuma, ndipo uiachie."

Nikairudisha jino moja. Ikashuka, ikajizungusha yenyewe, rota, ule ulimi wake wa ndani, ikasimama ikielekea waya wa plagi ya kwanza. Nikarudisha plagi, nikatoa mpira, nikawasha. Injini ikanguruma laini, bila kukohoa. Baba akasikiliza ameinamisha kichwa, lakini hakutabasamu.

"Nitakuwa nauweka huo mpira kila alfajiri," akasema. "Siku ukikuta sijauweka, ujue na alfajiri nayo imeondoka. Siku hiyo chukua funguo, mpigie Walid. Usiniulize. Nitakubishia."

Nikamwambia sawa, nikamrudishia funguo zake. Walid alipokuja Jumapili, nikawapeleka wote wawili mpaka barabara ya Morogoro na kurudi, mimi nikiendesha. Walid alikunywa chai, akaisifia injini, akaondoka peke yake.

Tangu hapo, kabla sijawasha jiko, natoka uani kufungua boneti, na kila siku naogopa zaidi. Leo nilisimama mbele ya gari mpaka jua likatoka, nikasikia Baba anakohoa chumbani kwake, nikafungua. Mpira ulikuwepo. Ulikuwa umelazwa juu ya waya, vizuri kabisa, na waya chini yake umekaza kwenye betri.

Nikatafuta spana, nikalegeza nati, nikauvalisha kichwa cha betri, chini ya waya. Kisha nikashusha boneti taratibu asisikie, nikaenda kumchemshia chai.