Kabati la Radi

Jina la Radi alijipa mwenyewe. Wengine husubiri mashabiki wawape, lakini yeye aliona mashabiki wanachelewa. Siku za kazi alikuwa kinyozi, na wikendi alipiga gitaa la solo katika bendi ya dada yake mkubwa, mwimbaji, kiongozi, na mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha kwa kumtazama tu.

Kwa miaka mitano alitumia amplifaya ndogo ya spika moja, ukubwa wa ndoo ya maji. Aliiweka sakafuni nyuma yake na kuifungulia mpaka mwisho. Haikuwahi kuzimika wala kukoroma. Kosa lake lilikuwa moja: aliyeketi nyuma ya ukumbi hakuweza kuiona. Mpiga solo wa hadhi yake, alisema Radi, hawezi kusimama mbele ya kitu ambacho mtu anaweza kukikalia.

Basi akanunua kubwa. Spika nne ndani ya sanduku moja lililomfikia kiunoni, na juu yake mashine yenyewe yenye vifundo tisa vya kuzungusha. Wanaume wawili walilibeba wakiwa wameinama. Sandukuni akaandika RADI kwa rangi nyeupe, herufi za kusomeka kutoka barabarani, maana unyenyekevu una mipaka yake. Dada yake alipoliona alilizunguka mara moja.

"Hili kabati ni la ukumbi gani?" akauliza mwishowe.

"La kumbi zote, dada."

"Jumamosi tunapiga hotelini, wakati wa chakula cha mchana. Kuna meza kumi na nne. Meneja anatujaribu, akiridhika tunapata kila Jumamosi mwaka mzima. Akilalamika kuhusu gitaa, solo naihamishia kwenye kinanda na wewe utabaki na mkasi wako. Sitarudia."

Radi alisikia. Alikuwa na masikio mazuri sana, hasa kwa habari za Jumamosi kila wiki mwaka mzima. Hayo ya kinanda yalipita.

Jioni tatu alizitumia chumbani kuitafuta sauti yake. Kabati lilisimama miguuni pa kitanda, naye akaketi juu ya godoro, peke yake, akipiga taratibu na kuzungusha vifundo. Akaongeza besi mpaka ukuta ukajibu. Akaongeza mwangwi mpaka noti moja ikatosha kwa dakika nzima. Hakukuwa na ngoma chumbani, wala mpiga besi, wala mwimbaji, kwa hiyo hakuna aliyempinga.

"Baba watoto, kikombe kinatembea mezani," mkewe akasema kutoka mlangoni.

"Hiyo ndiyo besi, mke wangu."

"Kimeanguka."

"Hiyo ndiyo besi nzuri."

Alipofika palipomridhisha, alitia alama kila kifundo kwa rangi ya kucha ya mkewe, ili Jumamosi asipoteze hata chembe ya utukufu ule.

Jumamosi kabati likasimama jukwaani, nusu hatua nyuma yake. Wimbo wa kwanza ulipoanza, ngoma na besi ziliingia, na Radi hakulisikia gitaa lake. Besi yake yote ilikuwa imezama ndani ya besi ya mwenzake. Akaongeza sauti. Bado. Akaongeza tena. Spika zilikuwa zimeelekea magotini, na magoti yake, ni haki kusema, yalisikia vizuri mno. Sauti ilipita katikati ya miguu yake ikaenda moja kwa moja hadi meza ya nne, ambako watu walianza kuzungumza kwa mikono. Mama mmoja akachukua sahani yake akahamia nje, kwenye jua. Radi akadhani wimbo umemgusa.

Dada yake aligeuka mara mbili kumtazama. Radi akatabasamu na kuongeza kidogo.

Mapumzikoni mhudumu akaleta karatasi kutoka kwa meneja. Meneja hakuwa ametoka ofisini. Alikuwa humo, mwisho wa ukumbi, mlango wazi, mgongo kwa jukwaa, akisikiliza kama wageni wa vyumbani wanavyosikia. Dada akaisoma kwa sauti ya kawaida: "Bendi nzuri. Gitaa hapana. Badilisheni mpigaji."

Radi alikuwa na maelezo tayari, kuhusu umeme wa jengo, lakini dada akanyoosha mkono.

"Nipe gitaa."

"Dada, wewe hujui kupiga."

"Najua kordi tatu, zinatosha. Nenda ukae meza ya nne. Haina mtu sasa."

Akaenda, akaketi. Dada akapiga kordi moja, vifundo vikiwa palepale alipoviacha yeye. Uma zikalia mezani. Kitu kikamgonga kifuani, kikajaa masikioni, na ndani yake hapakuwa na kordi wala wimbo, ila mngurumo, kama lori linalorudi nyuma uchochoroni. Akainua mkono kumwomba aache. Akamkumbuka yule mama na sahani yake, na aibu ikampanda mpaka kwenye masikio.

"Hivi ndivyo nilivyopiga saa nzima?"

"Leo ni saa nzima," dada akasema. "Mimi nasimama mbele yako mwaka wa tano."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo, na hilo likamuuma Radi zaidi.

Amplifaya ndogo ilikuwa ndani ya gari. Dada alikuwa ameichukua jana yake kwa wifi yake, ambaye aliitoa haraka kabla hajaulizwa mara ya pili. Radi akaiweka juu ya kiti cha plastiki, akaiinamisha nyuma mpaka spika ikatazama sikio lake badala ya magoti. Akapunguza besi, akazima mwangwi, akaifungulia robo tu. Ilitoa sauti nyembamba, kavu, ambayo chumbani angeitukana.

Ngoma zilipoingia, sauti ile nyembamba ikasimama mahali pake. Kila noti aliisikia, na makosa yake pia, kwa hiyo akapiga noti chache. Katika nafasi zilizobaki akamsikia dada yake. Wimbo wa tatu walikuwa wameupiga miaka yote mitano, na ndipo alipogundua kwamba ubeti wa pili ulikuwa unamwimba marehemu mama yao. Akaacha kupiga mpaka ubeti ukaisha.

Meneja akatoka ofisini na daftari.

"Vizuri mmembadilisha yule," akamwambia dada. "Huyu ndiye mpiga gitaa. Jumamosi ijayo mje na huyuhuyu." Kisha akalitazama kabati lililosukumwa pembeni. "Na hilo la Radi?"

Dada akafungua kinywa, lakini Radi akamwahi, huku akikunja waya.

"La yule wa kwanza. Atalifuata."

"Na wewe nikuandike nani?"

Radi akazitazama herufi zake nyeupe, kisha akamtazama dada yake, ambaye safari hii hakumsaidia.

"Niandike mdogo wake mwimbaji," akasema.