Kaburi la Pili

Sururu ilipogonga mara ya tatu palepale bila kuingia, Sekoala alijua ardhi imeanza kufunga kwa baridi. Juni haikuwa imemaliza hata wiki. Alichutama, akapapasa udongo kwa kiganja, kisha akapanga mashonde makavu ya ng'ombe ndani ya shimo na kuyawasha, akakaa pembeni kungoja moto uilegeze ardhi. Alikohoa. Kikohozi hicho alirudi nacho kutoka kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka, alikochimba miaka kumi na tisa.

Kaburi lile halikuwa la mtu bado. Zamani kidogo, katika kipupwe kibaya kuliko vyote, maiti tatu zililala ghalani wiki tatu kwa kuwa ardhi ya kijiji chao, Ha Letuka, ilikuwa jiwe tupu. Tangu hapo Chifu aliagiza kila mwaka, kabla theluji haijashika, kaburi moja lichimbwe na kufunikwa kwa miti na nyasi. Kazi akapewa Sekoala. Haukupita mwaka ambao kaburi lilibaki tupu. Ndiyo maana siku hizo watu walimsalimia kwa mbali, na wagonjwa walijikaza wasikohoe akipita.

Mamotena, jirani yake, mjane wa miaka sabini, hakuwa na woga huo. Alikuwa akipita na gunia kichwani, akasimama kuchungulia.

"Usinipime kwa macho, Sekoala. Mimi mrefu, utachoka."

"Nitakukunja, mama."

Mamotena akacheka hadi gunia likayumba. Kisha akatazama mlimani, na cheko likamwisha. Akamwambia kwamba kondoo wa Mzee Rankoe, Ntate Rankoe kama walivyomwita kwa heshima, wameshuka asubuhi hiyo, kumi na mmoja, peke yao. Jina la mchungaji hakulitaja.

Mchungaji alikuwa Mosiuoa, mdogo wake Sekoala, tumbo moja. Miaka minne walikuwa hawajasemezana. Mama yao alifariki ghafla mwezi kama huo, Mosiuoa akiwa kambini juu kwenye malisho, na Sekoala alimzika siku ya tatu kwa sababu ardhi ilikuwa inafunga, hata udongo wa kufukia ukiganda. Mosiuoa aliposhuka alikuta rundo la mawe. Alisimama mbele ya watu wote akamwambia kaka yake, "Umemzika mama yangu kama mtu anayefunga mlango wa banda." Sekoala alijibu kwamba ardhi haingoji mtu. Tangu siku hiyo Mosiuoa alikuwa akishuka kijijini kuchukua unga na chumvi tu, na akikutana na kaka yake njiani anashika upande wa pili.

Moto ulikuwa haujazimika Chifu alipofika juu ya farasi, blanketi limefungwa hadi puani. Alieleza kwamba mbwa hawakushuka na kondoo, na kwamba huko juu theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, wakati kijijini ulikuwa upepo tu. Kisha akamwagiza Sekoala aanze kaburi la pili leo hii.

"La nani?"

Chifu akatazama masikio ya farasi wake. "Wewe unajua kuliko sisi sote. Ardhi haingoji mtu."

Sekoala alisimama ukingoni mwa shimo, moshi ukimpanda miguuni. Halafu akageuka, sururu akaiacha palepale, akachukua koleo.

"Wape wengine hiyo kazi, Ntate Chifu," alisema. "Mimi napanda kumngoja mdogo wangu."

Chifu alimwambia kifua chake hakitafika hata kwenye kijito kilicho chini ya malisho. Sekoala hakubishana, alijua hivyo pia. Mamotena alimletea mkate wa mvuke na blanketi la marehemu mume wake. Ntate Rankoe, mwenye kondoo, aliona haya kubaki, akamtandika farasi wake na kufuatana naye. Walipanda mlima. Hapakuwa na ndege, wala kengele ya mbuzi, wala moshi kwenye kambi yoyote. Mbingu ilikuwa imeshuka chini, rangi ya sufuria iliyosuguliwa. Kijitoni theluji ilimfika farasi tumboni, akagoma. Rankoe akasema atangojea hapo mpaka jua liguse mgongo wa mlima, si zaidi. Sekoala akaendelea kwa miguu, hatua ishirini, apumzike, hatua ishirini tena.

Kambi aliitambua kwa paa la kibanda tu, nalo lilikuwa limebonyea upande mmoja. Aliita. Hakuna aliyejibu. Alipozunguka zizi aliona matundu madogo kwenye theluji, kingo zake za manjano, kila moja likitoa uzi mwembamba wa mvuke: kondoo waliofukiwa, wakiwa bado wanapumua. Na mbele ya matundu hayo alikuwa ameketi mtu, blanketi limeganda mwilini kama ubao, anakwangua theluji kwa kifuniko cha sufuria. Mbwa wawili walikuwa wamelala kando yake. Mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa.

Mosiuoa alimtazama kaka yake, akalitazama na koleo.

"Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kuchimba. Sogea."

Alichimba. Alianzia kwenye tundu lililokuwa karibu na mkono wa mdogo wake, na kondoo wa kwanza alipotoka akitetemeka, Mosiuoa alilia bila sauti, midomo imepasuka. Walitoa tisa. Wengine wanne walikuwa wamekwisha kufa, miguu imekaza. Sekoala alitaka kuendelea, lakini mawingu yalikuwa yameanza kupasuka upande wa magharibi na anga jeupe, safi, likatokea. Na kila mtu wa milimani anajua kwamba baridi inayoua huja baada ya theluji, mbingu ikiwa wazi. Ndipo alipomwambia mdogo wake ainuke. Mosiuoa akasema hawezi. Tangu jana hakuwa akisikia miguu yake.

Sekoala aliingia kibandani kupitia paa, akavuta ngozi ya ng'ombe iliyokuwa kitanda, akamlaza mdogo wake juu yake, akamfunga kwa kamba na kwa blanketi la marehemu. Akaanza kumburuta kuteremka, kondoo na mbwa mmoja wakifuata mkwaruzo wa ngozi. Kila alipokohoa, theluji mbele yake iliingia madoa mekundu, naye aliyapita haraka ili ngozi iyafute.

Nusu ya njia, Mosiuoa alisema kutoka nyuma, "Mama alisema nini?"

Sekoala aliendelea kuvuta. "Aliuliza kama umeshuka."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia umeshuka. Nikamwambia uko nje, unafunga kondoo."

Sekoala akaikaza kamba begani, ngozi ikaendelea kukwaruza.

Rankoe alikuwa bado yupo, ingawa jua lilikuwa limeshagusa mlima. Walimpandisha Mosiuoa juu ya farasi, kifudifudi. Walipolikaribia bonde walisikia chuma kikigonga chini kijijini, ko, ko, ko, kwenye hewa ile kavu.

"Nani anachimba?" Mosiuoa aliuliza.

"Mtu asiyejua kazi," alisema Sekoala. "Anaipiga ardhi kwa hasira."

Mgongaji hakuacha. Pengine hakuwaona.

Njia ya zahanati, ng'ambo ya mlima, ilikuwa imefungwa na theluji, na hakuna aliyejua ingefunguka lini. Nyumbani kwa Sekoala, Mamotena alichemsha maji, akayapoza, akiyapima kwa mkono wake mwenyewe mpaka yakawa vuguvugu. Miguu ya Mosiuoa ilipotolewa kwenye viatu ilikuwa myeupe kama nta, vidole vitatu vimeanza kuwa vyeusi. Sekoala alipiga magoti mbele ya beseni. Alichota maji kwa kikombe, akayamwaga polepole kuanzia kifundoni.

"Unasikia?"

"Bado, kaka."

Akachota tena.