Mkubwa Alikwenda Dubai

Depo ya Papa Ananie, pale Butembo, ilikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote: mgeni akimuulizia mkubwa, mkubwa hayupo. Alikwenda Dubai. Wapakiaji waliijua, fundi wa magari aliijua. Na wakati mgeni anaambiwa hivyo, Papa Ananie mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni juu ya gunia, koti limechanika kiwiko, anachambua maharagwe kwenye ungo kama kibarua. Malori mawili yalikuwa yake. Ungemwona, usingempa hata baiskeli akulindie.

Usicheke. Mwaka ule wa 2000 mji ulikuwa mikononi mwa wenye bunduki, leo kundi hili, kesho lile, na kila kundi lilifika na swali lilelile. Walitaka lori la kubebea askari hadi Manguredjipa, kwenye dhahabu. Wakiambiwa funguo anazo mkubwa, na mkubwa yuko Dubai, walitukana, wakapiga gunia teke, wakaenda kwa jirani. Lori la jirani halikurudi, na dereva wake pia hakurudi.

Hadassa yeye aliona aibu. Alikuwa binti wa mdogo wake Ananie, na Ananie ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofia Kasugho. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa gestion, masomo ya uongozi wa biashara, katika chuo kimoja cha pale mjini, na miezi miwili ya stage, mazoezi ya kazi, alikuja kuifanya kwenye depo ya baba yake mkubwa. Daftari lake lilijaa: kupanga, kuunda, kuongoza, kudhibiti. Kila mfanyakazi awe na mkubwa mmoja. Mamlaka unaweza kumgawia mwenzako, wajibu haugawiki. Halafu anafika depo anakuta fundi anaagiza magunia ya Kayna, mlinzi anapanga safari ya Beni, na mwenye mali anatoa mawe kwenye maharagwe. Fujo tupu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini msichana wa miaka ishirini na tatu mwenye daftari utamwambia nini?

Basi akachora organigramme. Karatasi kubwa, rula, kalamu za rangi tatu. Juu kabisa kisanduku kimoja: Directeur général, Ananie Muyisa. Chini yake visanduku vingine, kila jina na kazi yake, kila mstari na mkubwa wake. Ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Akaibandika ukutani karibu na mizani.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mama Jokébed, mwanamke mnene aliyetembea na funguo za bohari kiunoni.

"Hadassa mutoto yangu, ile karatasi uitoe pale. Batu benye kupita hapa banajua kusoma."

"Njo maana niliiweka, Mama. Ili basome."

"Papa Ananie iko Beni. Akirudia atasema nini?"

"Encadreur anakuja mercredi. Akisha kuiona, nitaitoa."

Jumatano ile mwalimu wake msimamizi, Assistant Kasonia, alifika na tai shingoni. Alisimama mbele ya karatasi, mikono nyuma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Enfin!" akasema. "Entreprise yenye iko na kichwa!" Akaandika kumi na saba juu ya ishirini palepale, mbele ya wapakiaji.

Jioni, Hadassa aliweka ukucha kwenye kona ya karatasi. Gundi ilikuwa imeshika vizuri. Akajiambia ataichana bure, afadhali kesho, kwa maji kidogo. Uongo. Haikuwa gundi, ilikuwa kiburi. Alitaka baba yake mkubwa aione kwanza, amsifu na yeye.

Alhamisi asubuhi Ananie alirudi kutoka Beni, mgongo umevunjwavunjwa na barabara. Jua lilishapanda. Akavua koti, akalitandika juu ya gunia, akaketi bila kuangalia ukuta. Jokébed alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia wakati askari walipoingia uani.

"Mokonzi wapi?" kiongozi wao, kijana mwembamba, akamuulizia mkubwa kwa Kilingala.

"Patron hayiko," akajibu Ananie, mkono kwenye ungo. "Alikwenda Dubai."

Kijana akaingia ndani kukimbia jua. Akasimama karibu na mizani. Wote uani walimsikia akisoma, silabi kwa silabi, kama mtoto wa shule. Kisha akarudi mlangoni.

"Muzee, lete carte yako."

Siku zote Ananie alitoa kadi yake bila wasiwasi. Kibao cha depo kiliandikwa Mungu Atosha, basi, na jina la mzee mchambua maharagwe halikumwambia mtu kitu. Kijana akasoma kadi, akacheka, akawaonyesha wenzake.

"Kumbe Dubai iko karibu hivi!"

Wakampandisha kwenye lori lake mwenyewe. Mguu mmoja ukiwa juu, aligeuka, akaona kupitia mlango kile kisanduku cha juu na jina lake kwa wino mwekundu. Akamtazama Hadassa. Heri angemtukana.

"Unachora muzuri, mama," akasema.

Karatasi nayo waliibandua wakaondoka nayo. Ilitoka nzima, haikuchanika hata kona.

Siku ya nne Hadassa alikuwa Beni, akimtafuta baba yake mkubwa. Ofisi ya kwanza ilimtuma ya pili, ya pili ya tatu, na kila mtu alisema si yeye anayejua. Katika ya mwisho alimkuta afisa mmoja mwenye miwani, na ukutani nyuma ya kiti chake, karatasi ya rangi tatu.

"Ni nani alichora hii?"

"Ni mie, chef."

Afisa akafurahi kabisa. "Sisi hapa tunakosa organisation. Tuchoree ya kwetu. Kisha tutaangalia mambo ya muzee yako."

Akaletewa karatasi na rula. Alichora, kwani angechora chochote. Afisa alitaja majina, yeye akayaweka: mkubwa wa magari, mkubwa wa chakula, mkubwa wa barua. Kikabaki kisanduku kimoja, cha mkubwa wa wafungwa.

"Na bafungwa, chef? Responsable wao njo nani?"

Afisa alimtazama mwenzake aliyesimama dirishani. Yule akatazama nje.

"Pale hapana andika mutu."

"Lakini kila poste iko na mutu, chef."

"Mademoiselle. Nimesema hapana andika."

Hadassa akaweka kalamu chini. Alikuwa amedhani kwamba watu hawa hawajui uongozi. Waliujua kuliko Kasonia na madaftari yake yote. Ananie alificha jina lake ili watu wake wapone, na hawa walificha lao ili mtu asiwe na wa kumuuliza. Na katikati yeye, mjinga mwenye rula. Aliwachukia, akajichukia zaidi. Aliondoka Beni bila jibu, bila maiti, bila hata mtu wa kumlaani kwa jina.

Stage yake iliisha. Kumi na saba ilibaki kumi na saba.

Mwezi wa pili tangu Ananie achukuliwe, askari wengine waliingia uani, kundi jipya, wakitaka lori lililobaki. Mlangoni, juu ya gunia, alikuwa ameketi msichana mwenye koti la kiume lililochanika kiwiko, ungo magotini.

"Mokonzi wapi?"

"Hayiko," akasema Hadassa. "Alikwenda Dubai."

Ndani, Jokébed aliziba mdomo kwa kitenge. Askari walitukana, wakapiga gunia teke, wakaenda kwa jirani.