Vidonge vya Kitinda

Mimi ni mtu wa kimbelembele, sikatai. Mteja akiniletea kochi lake nilivishe kitambaa kipya, nitamwambia rangi aliyochagua itachuja kabla hajaniuliza. Mdogo wangu husema siku nikifa nitawaelekeza wachimba kaburi namna ya kushika jembe. Yeye ndiye kitinda mimba wa mama yetu, na jina hilo la Kitinda limemganda mpaka leo, ingawa ana mke na kipara kinamnyemelea. Karakana yetu ni moja. Mimi nakata na kushona, yeye anavuta kitambaa juu ya mbao na kupiga misumari.

Kitu kingine tulichogawana ni moyo mbovu. Mama alianguka akianika nguo, akafa kabla hajafika chini. Miaka mingi baadaye Kitinda na mimi tukaanza, kila mmoja kwa siri yake, kusikia moyo ukikurupuka kifuani, ukienda mbio ovyo, halafu ukitulia kana kwamba haukufanya kitu. Hospitalini wakatuambia ni ugonjwa wa mapigo ya moyo, wa kurithi, na kwamba kulikuwa na utafiti wa dawa mpya kama tungependa kuingia. Tukaingia.

Daktari wa utafiti, mwanamke mpole ambaye ningeweza kumzaa, alitueleza polepole, kisha akarudia. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa. Nusu nyingine wangepewa vidonge vinavyofanana nayo kama mapacha, lakini ndani havina kitu. Chupa zilikuwa na namba tu, na aliyegawa ni kompyuta. Mgonjwa asingejua anameza nini, na yeye daktari asingejua pia.

"Tukijua tutajidanganya," alisema. "Mtu akiamini amepata dawa, anaweza kujisikia nafuu hata kama hakupata."

"Kwa hiyo mmoja wetu anaweza kuwa anakula unga?" Kitinda akauliza.

"Anaweza. Lakini dawa zenu za kawaida mtaendelea nazo, na tutawapima kila mkija."

"Basi unga nipe mimi, dada apewe dawa. Akifa yeye, nani atanigombeza?"

Daktari alicheka. Mimi nilimkanyaga Kitinda mguu chini ya meza.

Haukupita muda nikaanza kujisikia vizuri. Ngazi za soko nilizipanda bila kusimama katikati. Kitinda kwa upande wake alikuwa akilalamika, maana kulalamika anakujua. Mara amepata kizunguzungu, mara moyo umeruka akiwa anaoga. Nikajumlisha moja na moja: dawa ninayo mimi, yeye anakula unga.

Nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mama alipokufa, Kitinda alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Nilimlea mimi. Nilimfunga vidonda, nikamchapa, nikamwozesha. Sasa kompyuta, ambayo haijawahi kumbeba mtoto mgongoni, ndiyo iamue kwamba mimi nipone na yeye asipone? Chupa yake alikuwa anaiacha karakana, kwenye rafu ya nyuzi, kwa sababu nyumbani angesahau. Siku moja alipotoka kupeleka viti kwa mteja, nilimimina vidonge vyake kwenye chupa yangu na vyangu kwenye yake. Kila tulipopewa chupa mpya nikafanya hivyohivyo. Sikumwambia, kwa kuwa ningemwambia angekataa, na ubishi wake unatoka kwangu.

Baada ya hapo nikawa nalala usingizi mzito ambao sikuwahi kuupata tangu usichana. Nikasema hii ndiyo raha ya kutenda wema. Kitinda naye akaacha kulalamika. Kila asubuhi nilimuuliza, "Umemeza?" naye akajibu, "Nimemeza, mama mkuu wa vidonge," na mimi nikajipongeza moyoni.

Aliangukia juu ya kochi la mteja, asubuhi, akiwa anavuta kitambaa cha mgongoni. Ana tabia ya kubana misumari midogo kwa midomo anapofanya kazi. Nilimtoa misumari hiyo kinywani kwa vidole vyangu huku nikiita watu, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Hospitalini walimkimbiza ndani, mimi nikaachwa kwenye benchi la korido. Wifi yangu, mke wa Kitinda, alikuja na kandambili za kuogea, akakaa karibu yangu na kunishika mkono.

"Wifi, Mungu akulipe," akasema. "Wiki hizi amekuwa akihangaika sana na moyo, akanikataza nisikwambie. Anasema wewe umeshachoka kumlea. Lakini dawa hajaacha hata siku moja, na ni kwa sababu yako."

Nikazihesabu wiki hizo kwa vidole vya mkono wangu mwingine.

Daktari wa utafiti akatoka, koti lake halijafungwa vifungo. "Imebidi tuulize namba ya chupa yake ina nini," akasema. "Ana dawa halisi, tangu siku ya kwanza. Sasa hilo ndilo linalotufunga mikono. Tumemshtua kwa umeme mara mbili, moyo unatulia kidogo unarudi kulekule. Ipo sindano ya kuutuliza, lakini ikikutana na dawa ile mwilini inaweza kuusimamisha kabisa. Itabidi tusubiri dawa imtoke. Sitawaficha, sijui kama ataweza kusubiri."

Tangu siku ya kwanza. Kumbe unga ulikuwa wangu, na nafuu yangu ilikuwa ya kujitungia. Nilikuwa nimemnyang'anya dawa mtoto niliyemlea, nikamlisha unga kwa mkono wangu, na kila asubuhi nikahakikisha ameumeza.

Nitasema na hili, maana lilikuwepo. Niliwaza: labda atatulia mwenyewe, na hakuna atakayejua. Niliwaza hivyo mkono wa wifi ukiwa ndani ya wangu. Daktari alikuwa ameshageuka, ameusukuma mlango.

"Hana dawa mwilini," nikasema.

Akasimama. "Unasemaje?"

"Nilibadilisha vidonge. Vyake nameza mimi, vyangu anameza yeye. Hajui."

"Una hakika? Hajameza hata kimoja cha chupa yake wiki hizi?"

"Nilimimina mwenyewe. Mchomeni hiyo sindano."

Alikimbia. Wifi aliutoa mkono wake, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Hakunifokea. Alisema tu, akitazama kandambili zake, "Na mimi nilikuwa nakushukuru."

Sindano ilimtuliza. Daktari alirudi kutuambia, na kuniambia kwamba sote wawili tumetoka kwenye utafiti, na kwamba na mimi nipimwe leo hii, kwa vile nimekuwa nikimeza dawa bila mtu kujua. Kisha akaniuliza, "Mimi daktari sikujua nani ana nini. Wewe ulijuaje?"

"Nilijisikia nafuu," nikasema.

Akafunga vifungo vya koti lake. Alishanieleza mara mbili.

Jioni waliniruhusu kumwona Kitinda. Alikuwa na nyaya kifuani na sauti ndogo. Nilimweleza yote, nimesimama, kwa sababu sikujiona na haki ya kukaa. Alinisikiliza akitazama dari.

"Na ile dawa," akauliza baadaye, "ilikusaidia?"

Nilitamani kusema hapana. "Nilikuwa nalala vizuri," nikasema. "Nililala kuliko miaka yote."

Nilisubiri anitanie, aniite mama mkuu wa vidonge, aseme chochote.

"Afadhali mmoja wetu alilala," akasema, na hakuwa anatania.