Kidonge cha Peke Yangu

Presha ya mama mkwe wake ilikataa kushuka, na muuguzi wa zahanati akaanza kukosa raha. Kila alipomfunga kipimo mkononi, namba zilipanda kama zinamkomoa yeye mkaza mwana.

Kumwona daktari hakukuhitaji tena safari. Kishikwambi kiliegemezwa kwenye boksi la glavu, dirishani ambako mtandao hushika, na daktari akatokea kutoka mjini. Mfamasia wa huko alifunga dawa, bodaboda akazileta. Mambo yote shwari, isipokuwa hiyo presha.

"Mama, dawa unameza?" daktari aliuliza.

"Nameza, mwanangu. Tena zinaniishia upesi!"

Daktari akakuna kidevu. "Basi tuongeze dozi. Ikishindikana, ataletwa huku alazwe."

Muuguzi akasita kuandika. Dozi kubwa si mchezo kwa mwili wa umri ule, na akimpoteza mama wa watu atamwambia nini mumewe?

Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi. Wakaingia majirani wawili wa mama mkwe, Mama Maneno mbele, akasogeza uso hadi pua ikajaa kwenye kioo cha kishikwambi.

"Daktari, tumekuja kushukuru! Kichwa changu kilikuwa kinagonga usiku kucha. Sasa kimetulia."

"Mimi sikuwa naumwa," mwenzake akadakia, "ila navipenda hivyo vidonge."

"Hawa ni wagonjwa wangu?" daktari akauliza.

Hawakuwa wagonjwa wa mtu. Muuguzi akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa akijitengenezea mtandio bila wasiwasi wowote.

"Sasa nimeze peke yangu, wenzangu wananitumbulia macho? Kizuri kula na nduguyo. Siku nikiwapa wao, mimi napumzika."

Daktari aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Muuguzi hakucheka. Alikasirika, kisha akaogopa, maana dozi ilikuwa karibu kuongezwa kwa mtu asiyemeza hata ile ya kwanza.

"Mama, ungekufa kwa ukarimu!" akafoka, machozi yakimtoka. Mama mkwe akanywea. Hakuwa amewahi kumwona mkwe wake akilia.

Wote wakapimwa papo hapo. Mama Maneno alikutwa na presha kumzidi mwenye dawa, akaandikiwa zake. Mwenzake alikatazwa kabisa, akanuna kama aliyenyimwa ubwabwa harusini. Mfamasia naye akatokea kiooni kusisitiza: kila mtu na pakiti yake, asionjeshe mtu.

Wiki kadhaa baadaye muuguzi alimpitia mama mkwe nyumbani na kipimo chake. Alimkuta amejifungia chumbani, amegeukia ukutani, anameza kidonge harakaharaka kama mwizi wa sukari.

"Nimekuwa mchoyo, mwanangu," alisema kwa aibu, akinyoosha mkono upimwe. "Tena mchoyo mbaya."

Muuguzi alisubiri namba zitulie, akazisoma, akazisoma tena. Zilikuwa zimeshuka. Akamkumbatia mama mkwe na kipimo kikiwa bado mkononi.

"Sana, mama," alisema. "Endelea hivyohivyo."