Kahawa ya Muchiri

Nilipolazwa katika wadi ya wagonjwa wa akili, shemeji yangu Muchiri alibomoa nyumba yangu kule Othaya akapanda kahawa hapo. Wauguzi walinitunza vizuri, lakini kila nikimeza dawa nilimuwaza yeye.

Niliporuhusiwa kutoka, nilipitia soko la Gatitu nikanunua panga. Asubuhi iliyofuata, majirani wakitazama, nilifyeka miche yote.

Muchiri alimkimbilia chifu akarudi naye shambani. "Mshike huyu mama!"

"Si wewe ulituambia ati Ngendo ako na wazimu na hatawahi pona?" chifu akamuuliza. "Sasa nimshike mgonjwa?"

Muchiri aligeuka akarudi kwake. Mimi nilikuwa mzima kabisa, na kila mche niliokata ulinipa raha. Jioni nilianza kuchimba msingi wa nyumba mpya, yeye akinichungulia kutoka uani kwake.