Kiti cha Dirishani

Kwanza mkijue kiti chenyewe. Saluni ilikuwa na viti viwili tu. Kimoja kiko dirishani, ambako msusi anaona nani kapita, kapita na nani, na kwa mwendo gani. Kingine kiko ndani, ubavuni mwa sinki, ambako huna cha kutazama ila ukuta na bomba linalodondoka. Wasusi nao walikuwa wawili, Chiriku na wifi yake, mke wa kaka yake, na mwaka mzima walikuwa wakilipigania dirisha kama watoto wanavyopigania siti ya mbele ya gari.

"Mimi ndiye niliyetangulia hapa," Chiriku alikuwa akisema.

"Ndiye unayesuka huku shingo iko barabarani," wifi alikuwa akijibu. "Yule mama wa juzi ameondoka na mistari imepinda, utadhani imechorwa na konokono."

Ndipo chuo cha jirani kikabandika tangazo kwenye nguzo ya umeme: triathloni ya watu wa kawaida. Kuogelea mita mia nne, baiskeli kilomita kumi na tano, mbio kilomita tano, vyote kwa mkupuo mmoja. Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akasema kwa mzaha, si mkamalizie ugomvi wenu huko? Wateja wengine wakapiga makofi, na kabla jua halijazama fomu mbili zilikuwa zimeshajazwa. Atakayemtangulia mwenzake kumaliza, dirisha ni lake mwaka mzima. Atakayeshindwa, ahamie sinkini, na kununa marufuku.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili asubuhi, wateja walijipanga ukingoni mwa bwawa la chuo wakipunga taulo za saluni. Chiriku alikuwa na rasta mpya, kazi ya siku mbili, na hakuwa na nia ya kuzilowesha. Alivaa kofia tatu za plastiki, akaogelea kichwa juu kama bata, na kila alipompita mwokoaji akamuuliza habari za nyumbani.

"Dada, ogelea kwanza," mwokoaji alimwambia mara ya tatu. "Nyumbani wazima."

Wifi yeye alizamisha kichwa, akakata maji, akatoka mapema na kuitwaa baiskeli ya mumewe. Baiskeli hiyo Chiriku naye alikuwa ameiomba. Kaka yake aliambiwa achague kati ya dada na mke, akakumbuka anakula kwa nani. Basi Chiriku akaazima ya muuza maziwa, chuma kitupu, na keria ya kubebea madumu manne. Kwenye kupanda ilikuwa ng'ombe aliyegoma. Kwenye kushuka ilikuwa kombora. Mteremko wa hospitali aliwapita watu kumi na mmoja huku akiwatangazia, "Nipisheni jamani, breki ya nyuma sina," na ya mbele alikuwa haiamini sana.

Aliposhuka kwenye baiskeli, miguu ilikuwa kama ya kuazima nayo. Wifi alionekana mbele kwa mbali, kisigino kinapanda kinashuka, kiti cha dirishani kinakwenda naye. Chiriku akaanza kuvuta mguu mmoja mmoja, akijizoeza moyoni kukaa sinkini bila kununa.

Hapo ndipo alipofikiwa na mkutubi wa chuo, mama mwembamba ambaye wiki nzima kazi yake ni kuwaambia watu shhh. Maneno ya siku sita yalikuwa yamemjaa hadi kooni.

"Shoga, unakimbia kimya hivyo hivyo?" mkutubi akauliza. "Hebu nikupe la jirani yangu."

Kama kuna kitu Chiriku alikuwa anakihitaji kuliko maji, ni hicho.

Jirani, mkutubi alisema, ana mume mtanashati, miaka mitatu ya ndoa, ila analala na kofia. Akiulizwa, ana baridi ya utosini. Na kila Jumamosi saa kumi anajipulizia manukato, anaaga kwamba anakwenda kikaoni. Shida ya hadithi hii ilikuwa moja: mkutubi alikuwa na mbio kuliko Chiriku. Kila sentensi ilipokaribia utamu, yeye yuko hatua tatu mbele na maneno yanapeperukia huko huko. Chiriku angefanya nini? Akaongeza mwendo. Kichomi kikamtoka bila kuaga. Wakawapita vijana wa benki, wakampita mwalimu wa mazoezi wa chuo mwenyewe, ambaye alitazama saa yake kwa mashaka.

"Mkewe akamfuata," mkutubi alisema.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, kajitanda shuka. Akamwona anaingia nyumba ya nyuma ya soko."

Wakati huo walikuwa wamemfikia wifi, naye sikio likamsimama. Wakawa watatu sambamba, hakuna anayemtazama mwenzake, wote wanakimbilia mdomo mmoja.

"Akachungulia dirishani," mkutubi akaendelea. "Mume kakaa kifua wazi. Na mwanamke mrefu, mwenye mwanya, kavaa eproni ya zambarau, kamshika kichwa kwa mikono miwili."

Wifi akachomoka kama aliyeunguzwa.

Chiriku akamtazama anavyokwenda. Urefu ule. Mwanya ule. Eproni za zambarau mjini zilikuwa mbili tu, na moja ilikuwa yake. Jumamosi saa kumi, wifi alikuwa akiaga kwamba anafuata mafuta ya nywele.

Hatua thelathini kabla ya utepe, msuli wa mguu ukamkaza mkutubi, akakaa chini. Mbele kulikuwa na wifi na kiti. Hapa chini kulikuwa na mwisho wa hadithi. Chiriku akapiga magoti, akaukamata mguu kwa vidole vya miaka kumi na tano ya kusuka, akaukanda.

"Sema. Akaingia?"

"Akaingia na kiatu mkononi," mkutubi alisema huku machozi yakimtoka. "Akamkuta mume kipara, shoga, kama yai. Nywele ziko mezani, zinachanwa. Kumbe kila wiki anakwenda kugandishwa upya."

Chiriku aliangua kicheko kikamkalisha. Alipofuta macho, akamwona wifi kasimama juu yake. Alikuwa amegeuka, amerudi kabla hajaugusa utepe.

"Hukusikia kitu," wifi alisema, anahema. "Yule ni mteja. Aliniapisha."

"Kwa hiyo ni wewe," Chiriku alisema. Kisha akili yake ikapiga hatua nyingine. Mume mtanashati, nywele hazitikisiki hata kwa upepo, Chiriku mwenyewe aliwahi kuzisifu mbele ya wateja. "Ngoja. Ni yule wa duka la—"

Wifi akamziba mdomo kwa kiganja.

Chiriku akakiondoa kiganja taratibu. "Wifi, kazi ni kazi. Mteja wako ni mteja wangu. Siri hii mimi naitunza."

"Wewe?"

"Mimi."

Wifi alijaribu kujizuia. Midomo ikamtetemeka, mabega yakafuata, akashika mbavu, akateleza chini kando ya mkutubi na kulia kwa kicheko. "Wewe, siri," alikuwa akirudia, "wewe, Chiriku."

Chiriku alikuwa anamaanisha, na ilimuuma kidogo. Ila alipoinua macho aliuona utepe, na kati yake na utepe hapakuwa na mtu. Akanyanyuka, akatimka. Nyuma alisikia kicheko kikikatika, kisha vishindo, kisha, "Wifi, huo si uungwana." Taulo za zambarau zilikuwa hewani. Akaupita utepe kwa kifua, mikono juu, kofia ya tatu ingali kichwani, na wifi akamgonga kwa nyuma.

Mtangazaji akawakimbilia na maikrofoni. Alikuwa mwenye duka la simu mkabala na saluni, suti nyeupe, na nywele, ee, nywele nzuri kweli.

"Mabibi na mabwana, wasusi wetu hawa, mlionaje pale?" akauliza. "Mlikaa chini, mkacheka, mkakimbia. Dada Chiriku, hebu tuambie sote, kulikuwa na nini?"

Akamwekea maikrofoni mdomoni. Watu mia tatu wakatega masikio. Upepo ukavuma kutoka bwawani, na hakuna unywele hata mmoja uliosogea. Wifi alikuwa amefumba macho.

Chiriku alivuta pumzi hadi tumboni.

"Maji," alisema. "Naomba maji."